Mashua Iliyofungwa kama Ng'ombe

Mume wangu alikulia nyuma ya ng'ombe, huko milimani Walungu, na hata baada ya kuwa tailleur mwenye cherehani yake mwenyewe sokoni Kadutu, aliendelea kuamini kwamba kila kitu chenye thamani kina pua, na kwamba kwenye pua ndipo pa kufungia. Naliweka hili mbele ili msije mkadhani nimetia chumvi.

Mashua aliipata kwa sababu ya tanga. Daktari mmoja mzungu aliyeishi Bukavu miaka mingi alikuwa akimletea tanga lake kila lilipochanika, na mume wangu alilishona kwa upole ambao mashati yangu hayakuwahi kuuona. Nyakati ambazo kitambaa cheupe kilikosekana alitia viraka vya abacost, zile suti za wakubwa wa serikali, kijivu hapa, kahawia pale. Safari moja alitaka kutia kipande cha pagne, kitenge chenye sura ya mkuu wa nchi, nikamkataza, maana upepo ukigeuka mheshimiwa angekuwa kichwa chini miguu juu mbele ya macho ya watu. Mkataba wa daktari ulipokwisha, aliuza friji, paka akamwachia jirani, na mashua akampa mume wangu. Alimpeleka majini mara moja kumwonyesha jinsi ya kulegeza tanga na kugeuza, wakapeana mikono, akaenda zake kwao. Mume wangu alirudi nyumbani amelowa hadi shingoni, akicheka peke yake. Mimi nililia. Majirani walidhani nalia kwa furaha.

Mimi ni mtoto wa ziwa, mzaliwa wa Kalehe. Kaka yangu alitoka na mtumbwi asubuhi moja kupeleka ndizi kisiwani Idjwi, upepo ukashuka, na tulichookota baadaye ni kasia lake. Tangu hapo sikuingiza mguu majini kupita pale pa kufulia nguo. Nikitaka kwenda kwetu nilipanda camion, nikakaa juu ya magunia na kutupwatupwa siku nzima, huku meli ikinipita kule chini, abiria wake wakinywa chai. Na sasa mume wangu, mtu asiyeweza kuogelea hata kwenye karai, alikuwa amepewa chombo cha kumpeleka katikati ya maji yale yale. Nilitaka kuzeeka naye. Sikuwa na ombi lingine, na mashua ile ilikuwa imekuja kuniharibia.

Tulipata pa kuiweka chini ya mtaa wa Nguba, kwenye kipande kidogo cha mchanga chenye mkalitusi mmoja, mahali ambapo wamama walifulia. Mume wangu alichonga kigingi, akakipigilia mchangani, akaifunga mashua kwenye pua, na akaacha kamba ndefu. Nilimuuliza ya nini kamba yote ile. Akanijibu kwamba ukifunga fupi, kinachofungwa hupata taabu kugeuka. Mlingoti aliuacha umesimama, na mashua akaiacha wazi, tumbo chini, inatazama mbingu. Kabla hatujaondoka aliipigapiga ubavuni.

Mvua ilinyesha, upepo ukaushika ule mlingoti, na mashua ikageuka kweli kama alivyoitakia. Ilikizunguka kigingi hadi kamba ikaisha na pua yake ikakigusa. Tulipofika kesho yake ilikuwa imejaa maji ya mvua, na wamama walikuwa tayari wanasuuzia nguo humo. Mkubwa wao alikuwa maman mmoja muuza sabuni, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya ghuba. Alimsalimia mume wangu kwa heshima zote, kisha akamuuliza:

"Papa, hii ngombe yako inatoaka maziwa ya asubui ao ya mangaribi?"

Walicheka hadi mmoja akapoteza soksi ya mtoto. Mume wangu naye alicheka, kwa sababu hakuwa mtu wa kununa, lakini njiani vidole vyake vilikuwa vinapiga mafundo hewani, na nilijua anawaza jinsi ya kufunga vizuri zaidi. Hapo ndipo nilipopata akili. Mtu anayefunga mashua hawezi wakati huohuo kuwa ndani yake. Nikaamua kumsaidia afunge.

Kila alipotangaza kwamba Jumapili ijayo ataingia ziwani, nilimwona amesahau jambo. Nilimuuliza juu ya wezi, akatafuta mnyororo na cadenas ya kuufungia. Nilimuuliza juu ya mvua, akaung'oa mlingoti na kuipindua tumbo juu. Nilipotaja upepo, akashona magunia, akayajaza mchanga na kuyapanga pande zote. Kigingi tu ndicho alichokataa kukibadilisha kwa mkalitusi, kwa madai kwamba gome la mti lingeikwaruza kamba. Nilipotaja mlingoti, kwamba ni mti mzuri sana wa kuezekea nyumba ya mtu, tuliubeba nyumbani. Mwenye kuzijua njia za Kadutu ataelewa nikisema kwamba kila kona tulirudi nyuma, tukainua pua, tukaomba radhi kwa mwenye dirisha. Watu walitoka nje kuuliza kama umeme sasa unafika na kwao. Nyumba yetu ilikuwa fupi kuliko ule mlingoti, kwa hiyo ulilala chini ya vitanda na kutokeza nje kupitia dirisha la nyuma, na jirani akaanza kuanika matambara yake kwenye ncha.

Huko ufukweni nako, lile tumbo la mashua lilikauka vizuri juani, na wamama wakaanza kuanika mashuka juu yake. Mume wangu alilalamika kidogo. Mimi nilifurahi, kwa sababu hakuna mwizi angepita katikati ya wanawake wale, na pia kwa sababu hakuna mwanamume angethubutu kuwaambia waondoe mashuka ili aende kutembea ziwani. Msimu mzima ulipita hivyo. Mume wangu akawa fundi wa kufunga hata waungwana wenye mashua nyingine pale ghubani wakaja kumuuliza namna ya kupiga fundo, naye aliwaonyesha. Nililala vizuri sana miezi ile.

Kisha ikaja alasiri moja ya masika. Nilikuwa sokoni karibu naye, nauza maharagwe, wakati mabati yalipoanza kugonga na vumbi kupanda kutoka upande wa ziwa. Mume wangu alikuwa anampima mtu suruali. Aliinua kichwa, akasikiliza, akaondoka mbio na mita shingoni, mteja akabaki ameinua mikono. Nilimwachia jirani maharagwe nikamfuata. Kule chini ya mlima nililiona ziwa limekuwa jeusi kama siku ile ya Kalehe, nikazidi kushuka mbio.

Nilipofika kwenye mchanga, magunia yalikuwa yamepasuka. Kigingi kilikuwa kimeng'oka, na mahali pa kigingi alisimama mume wangu. Alikuwa amejifunga ile kamba kiunoni. Upepo uliingia chini ya mashua, ikainuka ubavu mmoja, ikamvuta hatua mbili kuelekea majini, ikatua, ikainuka tena. Alinitazama kama mtu aliyeona kosa lake lakini hana tena nafasi ya kulifungua, kwa sababu fundo lilikuwa lake, na mafundo yake hayakufunguka yakilowa.

Sikufikiri. Mashua ile niliichukia tangu siku ya kwanza, na nilikimbia nikaikalia. Haikutosha, ikaniinua. Nikawaita wamama waliokuwa wamejibanza nyuma ya ukuta, na yule muuza sabuni akaja bila kuuliza, akapanda na kukaa. Mashua ikashuka na kutulia. Wenzake nao wakaja, tukajipanga juu ya lile tumbo mabega kwa mabega, mabeseni vichwani, mvua ikitupiga, na mume wangu mbele yetu kwenye kamba. Yule maman alisema hajawahi kupanda bato katika maisha yake, na kumbe si jambo gumu.

Upepo ulipopungua, tuliona mashua mbili za wale waungwana wa ghuba zimevunjikia kwenye mawe. Yetu ilikuwa nzima. Mume wangu alianza kucheka, akitaka nami nicheke. Nilishindwa. Nilikuwa natafuna lile fundo kwa meno ili nimfungue, na machozi yalikuwa yananitoka pamoja na makamasi mbele ya wanawake wote.

"Ziwa ilibebaka ndugu yangu," nikamwambia. "Miye sitaki kuokota kasia ingine."

Fundo likaachia, kamba ikalegea. Kisha akaiokota ncha yake kutoka kwenye mchanga, akaniwekea mkononi.

"Basi unifunge weye," akasema. "Mutu anaweza kuwa na ngombe miaka yote bila kuikamuaka? Unifunge. Urefu utajua weye."

Ndivyo tulivyofanya. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulishusha mlingoti kutoka Kadutu, jirani akaanua matambara yake kwa huzuni. Nilifunga kamba nyuma ya mashua, na ncha ya pili kwenye mkalitusi, gome likwaruze lipendavyo. Yeye nilimvisha mpira wa ndani wa gurudumu la camion, akabaki mikono imetanuka, hawezi hata kujikuna. Akaingia na tanga lake la viraka, upepo ukamchukua, akaenda kwa fahari kubwa mpaka kamba ilipoisha. Mashua ilisimama ghafla, yeye akaanguka chali na mpira wake. Ufukwe mzima ulipiga makofi. Yule muuza sabuni alisema malisho ni mafupi, nimwongezee.

Nikawa namwongezea. Kila Jumapili nilileta kipande na kukiunga: kamba ya kuanikia nguo, kamba ya mbuzi wa jirani, katani iliyosokotwa, hata vipande vya abacost alivyovishona mwenyewe sambamba ili viwe imara. Nikiwa na hasira naye juu ya jambo la nyumbani sikuleta kitu, naye alielewa. Polepole nikaona kwamba haanguki tena. Alijifunza kugeuza kabla kamba haijakaza, akalegeza tanga, akarudi taratibu mpaka miguuni pangu. Niliona vizuri sana kwamba amejua. Sikumwambia.

Jumapili moja aliniomba kamba kutoka kule majini, na sikuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza nyumba yetu na za majirani. Nikafungua ncha kwenye mkalitusi ili apate japo zile hatua chache za kutoka mtini hadi majini, nikaishika mwenyewe. Upepo ukaongezeka. Maji yakanifika kwenye vifundo, kisha magotini, pagne ikaanza kuelea pembeni yangu. Yule maman alinyamaza, kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Mume wangu aligeuka akaniona nimo ndani mpaka kiunoni.

"Mama ya batoto, achilia."

Sikuachilia. Basi akageuza yeye, akalegeza tanga kama alivyojifunza, akaja hadi ubavu wa mashua ukanigusa begani, akanishika chini ya makwapa na kunivuta ndani jinsi walivyokuwa wakiwatoa ndama mtoni kwao. Nilijikunja chini ya miguu yake na kufumba macho. Ufukwe ulikuwa unakwenda mbali, nilijua kwa sauti za wamama. Niliishikilia ile kamba kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote, ingawa sasa ncha zake zote mbili zilikuwa ndani ya mashua. Mume wangu aliona, wala hakunicheka. Aliniambia nishike vizuri.