Maswali Tisa ya Nesi

Mwaka wa pili baada ya kustaafu ualimu nilishikwa na ugonjwa usio na homa wala kikohozi. Asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mguuni, nguvu za kuvaa cha pili sina. Kanisani, tena mimi mzee wa kanisa, nilichezesha midomo tu wenzangu wakiimba. Na niseme wazi, maana nimechoka kuzungukazunguka: nilikuwa naomba nife. Sikumwambia mtu. Huku kwetu milimani jirani wa juu anaona hadi sufuria ya jirani wa chini, na ukishika njia lazima uulizwe unakwenda wapi. Siri kama ile ningeipeleka kwa nani?

Daktari wa kituo cha afya, upande wa Soni, alinipima presha, sukari na malaria, asione kitu. Akasema yupo nesi aliyesomea kuzungumza na watu wenye mawazo mazito, nimwone kila Alhamisi. Nikasukuma mlango wake. Nesi akaruka kutoka kitini.

"Shikamoo mwalimu!"

Nilimfundisha hadi darasa la saba. Niliwahi hata kumchapa kwa kuchelewa. "Marahaba," nikaitikia, na sauti ikatoka ile ile ya darasani. Sasa niambie, mtu aliyekuamkia hivyo utamwambiaje kwamba kuvaa kiatu kumekushinda?

Akatoa karatasi yenye maswali tisa: usingizi, hamu ya kula, kujiona hufai. Kila jibu na alama yake. Mimi niliyesahihisha mitihani maisha yangu yote, nikaomba kalamu nijaze mwenyewe. Nikajibu kama mwanafunzi anayetaka kumfurahisha mwalimu. Nalala vizuri. Nakula vizuri. Swali la tisa liliuliza kama nimewahi kuwaza kwamba heri ningekufa. Hapana, nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa. Akajumlisha, ikawa sifuri, na kwenye karatasi ile sifuri ndiyo uzima. Sijawahi kufaulu mtihani nikajichukia namna ile.

"Uje tu Alhamisi ijayo, mwalimu," akasema. "Tutapiga stori."

Nikaenda Alhamisi mbili zaidi. Tulizungumzia mvua, shule, bei ya kabichi. Kila alipouliza, "Na wewe mwenyewe je?" nilimjibu kwamba namshukuru Mungu. Methali ya mficha maradhi nimeifundisha miaka na miaka, lakini mwenyewe nilikuwa nakufa na tai shingoni. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka, akatoka mwalimu, akasema mengine.

Alhamisi ya nne mke wangu alijitanda kanga yake akasema tunakwenda wote. Nikafoka, watu watasemaje! Akatangulia njiani. Nesi aliniuliza kama naridhia mama akae nasi, na mbele ya watu wawili ningekataaje? Akaanza maswali yake upya, safari hii akisoma kwa sauti.

"Usingizi?"

"Napata," nikasema.

"Hapati, mwanangu," mke wangu akasema taratibu.

"Chakula?"

"Anampa mbwa."

Nikageukia dirishani. Ukungu ulikuwa umeziba hata mti wa uani. Nilitamani kutoka, lakini nje ya mlango kulikuwa na benchi, na wote waliokaa pale wananijua. Sikuwa na pa kwenda, ndani wala nje.

Kwenye swali la tisa nesi alisita. Mke wangu hakumngoja amalize kusoma.

"Ile dawa ya kunyunyizia kabichi niliipeleka kwa dada yangu, kule Magoma," akasema. "Tangu Pasaka."

Sikuelewa hapo hapo. Kisha nikaelewa. Msimu mzima kabichi zetu zililiwa na wadudu, nami nilimgombeza karibu kila jioni, mvivu, msahaulifu, mwanamke gani asiyejali shamba. Aliyapokea yote kimya. Wala hakujitetea hata mara moja.

"Mwalimu," nesi akaniuliza kwa upole, "ni kweli?"

Machozi yalinitoka mbele ya mtoto niliyemfundisha, na sikuwa na kitambaa.

"Ni kweli," nikasema. "Kila siku, mwanangu. Hata leo, tukiwa njiani kuja."