Siku Ziwa Lilipoganda

Leo asubuhi, hapa Guangzhou, Uchina, nilifungua furushi la majaketi kwenye soko la nguo la Shisanhang. Harufu ya manyoya mapya ya bata yaliyojazwa ndani yake ikanirudisha kwenye mji mdogo wa milimani, Ulaya, ambako baba alikuwa mpishi wa hoteli kando ya ziwa.

Mimi na mama tulikwenda huko mara ya kwanza wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa ya kijani, baridi hata juani, na vilele vilikuwa bado na theluji. Baba alikuwa ameondoka nyumbani nikiwa mchanga, kwa hiyo nilijificha nyuma ya gauni la mama. Kwangu alikuwa "yule mtu" tu. Hakunilazimisha.

Tuliporudi huko majira ya baridi, watu waliteleza kwenye theluji ya mlimani kwa mbao miguuni, na ziwa lilikuwa limeganda, jeupe, limenyamaza kama limelala. Baba alinivalisha jaketi nene, akatangulia kwenye barafu, akaninyooshea mkono.

"Njoo, mwanangu. Usiogope."

Nilimfuata bila kuushika mkono wake. Mara barafu ikanguruma chini yangu, mngurumo mrefu uliokwenda hadi ng'ambo ya ziwa.

"Baba!" nikapiga kelele.

Alikuja mbio, akateleza, akanifikia kwa magoti, akanikumbatia. Alinukia vitunguu.

"Barafu hulia tu, haivunjiki," alisema. Kisha akaninong'oneza, "Hebu niite tena."

Nikamwita, nikamwita, mpaka mama, aliyekuwa amebaki ukingoni, naye akashuka, akatufuata taratibu juu ya ule weupe.