Somo la Kwanza la Kijapani

Juzi asubuhi, nikinywa chai sokoni hapa Kamembe, Rwanda, niliambiwa kwamba mwalimu wa Kijapani hatunaye tena. Alilala kwa dada yake kule Gitambi, hakuamka. Ukungu ulikuwa haujatoka ziwani, Bukavu ng'ambo haionekani, na kwa muda nikadhani naota. Najua mtacheka: Kijapani, Kamembe? Ndiyo, Kijapani! Alikiokota kwa wahandisi Wajapani wa barabara aliowaendeshea gari kule Bukavu, enzi za Zaire. Vita vilipomrudisha huku, akawafundisha vijana wa kuchomea vyuma walioahidiwa kazi kule Japani.

Mimi nilifundisha hesabu chumba cha pili, na ukuta wetu ulikuwa wa mbao. Vijana wale maneno waliyameza, maandishi wakayachora hata kwenye vumbi la karakana. Kilichowashinda ni somo la kwanza: simama, inama, sema jina lako, umetoka wapi, kwenu mko wangapi. Jamani, miaka ile ya baada ya vita na mauaji, nani hapa kwetu alithubutu kuuliza hivyo? Tulisalimiana, tukaishia hapo. Binti mmoja, hodari kuliko wote, alitaja jina tu akaketi. Kila siku hivyo hivyo. Usaili ulibakiza wiki moja, na pasipo majibu hayo asingesafiri.

Mwalimu akapandwa na hasira. "Bale bantu batakuuliza! Utanyamaza mbele yabo?"

"Papa," binti akasema taratibu, "anza weye."

Nilichungulia. Mzee alivua kofia, akainama, akasema kwa Kijapani maneno mepesi ambayo hata mimi nilikwisha kuyazoea kupitia ukutani. Nimetoka Bukavu. Mke mmoja. Watoto watatu. Sasa niko peke yangu. Binti akasimama, akasema ya kwao, akiwataja mmoja mmoja, mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyelia, katika lugha ile tulikuwa hatujawahi kulia. Alifaulu, na mpaka leo yuko kule, anachomea vyuma.

Nimeliwaza somo lile siku mbili nzima. Miaka yote katika safu hii ya gazeti nimewauliza watu walikotoka, nikaandika ya kwao, ya kwangu nikayafungia. Si haki. Anayetaka kuambiwa, aanze yeye. Basi naanza: nilikuwa na mdogo wangu wa kike, wa miaka sita. Tulikimbia vita pamoja. Kwenye daraja la Ruzizi, pale mpakani, katika msukumano wa watu, mimi ndiye niliyemwachia mkono.