Watoto wanaotafutwa kwa nguo za Jumapili

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi, Orpa Kahongya ameinama juu ya karatasi ya nta katika chumba kimoja cha Mususa, mjini Butembo. Kwa kalamu ya chuma ameshachora mashavu, masikio na shingo nyembamba ya mtoto wa kike. Anasita. Anainuka, anachungulia dirishani, anakaa tena.

"Mama Bénite, siku ile alikuwa anavaa nini?"

"Chora robe nyeupe," anajibu Christa, muuza ndizi aliyekimbia kutoka upande wa Mutwanga. "Na bilatu ku miguu. Na soksi."

"Hapana ile gauni ya Noeli, mama. Siku ile ya masasi."

Christa anageuza uso ukutani.

Binti yake, Bénite, ana miaka saba. Walipotezana Februari mwaka huu wa 2002, kijiji chao kilipovamiwa kwa risasi. Saa sita mchana mashine ya kurudufu itaanza kuchapa gazeti, na pikipiki itaondoka na nakala mia tatu ili kesho zibandikwe kwenye milango ya makanisa ya Beni na Mutwanga. Wiki hii njia iko wazi. Wiki ijayo hakuna ajuaye.

Orpa, mwenye miaka thelathini na moja, alisomea uchoraji Kinshasa kwa miaka miwili. Vita vya 1998 vilimkuta nyumbani likizo, na hakurudi tena chuoni. Gazeti hilo la kurasa nane humlipa dola kumi kwa toleo kwa vibonzo vyake vya bei ya chumvi na vizuizi vya barabarani. Ukurasa wa mwisho aliuomba mwenyewe, bila malipo. Humo huchora watoto waliopotea, kwa kuwasikiliza wazazi ambao picha zao zimeungua pamoja na nyumba.

Kabla ya Bénite amechora watoto arobaini na sita. Waliopatikana ni tisa.

"Nilizani batu habaangalie michoro," anasema. "Kumbe kosa ilikuwa kwangu."

Mwezi uliopita alikwenda Beni. Katika kanisa moja wanakolala wakimbizi alioneshwa msichana wa miaka sita ambaye mama yake alikuwa amempata kwa bahati tu, alipopita hapo akienda kununua chumvi. Mchoro wa mtoto huyo ulikuwa mlangoni kwa wiki kumi. Kila asubuhi alipita chini yake na kidumu cha maji. Mchoro ulikuwa na utepe kichwani na kola ya kushonwa. Mtoto alikuwa na kaptula ya mtu mwingine.

"Alipita chini ya sura yake mwenyewe, na hakuna mutu alimuona," anasema Orpa. "Miye njo nilimuficha."

Tangu siku hiyo hatulii. Anawauliza wazazi upya, na hadi leo wote wamekataa. Mtoto wa kutangazwa kanisani, wanasema, hawezi kutangazwa na matambara.

Henri, fundi wa mashine, anatia wino huku akicheka. "Donc, batoto ba huku banapoteaka na soksi tu!"

"Weye Henri, batoto bako bako wapi?" anauliza Christa.

Kicheko kinakatika. "Bako nyumbani, mama. Pardon."

Saa tano inapita. Orpa anasogeza kiti karibu, anaongea kwa sauti ya chini.

"Mama, mwenye alimupokea hajue robe nyeupe. Anajua ile alifika nayo."

"Batasema mama yake hakumuchunga."

"Baseme. Lakini bamulete."

Christa anainamisha kichwa. Kisha anaanza kuongea akitazama magoti yake. "Singlet ya baba yake. Miguu bule. Na nilikuwa ninamusuka... nilimaliza upande moja tu. Ingine ilibaki wazi. Alikimbia hivyo, na kichwa nusu."

Orpa anachukua kalamu. Upande wa kushoto anapiga mistari minne ya nywele zilizosukwa, imenyooka. Upande wa kulia anaacha nywele zimesimama ovyo. Christa anatazama, anafunika mdomo kwa kitenge.

"Njo yeye, ni yeye," anasema. "Yesu wangu, njo yeye kabisa."

Henri anaweka karatasi kwenye mashine kabla ya saa sita. Nakala ya kwanza inatoka na wino mbichi, Bénite akiwa na singlet ndefu, miguu mitupu na kichwa nusu. Aliyempokea huenda ameshamnyoa, anasema Orpa, lakini hawezi kusahau kichwa kile.

Wamebaki watoto thelathini na saba wenye nguo za Jumapili. Orpa amepanga kuwachora wote upya. Jumatatu atakwenda Kyavinyonge kwa Apollinaire, mvuvi aliyeagiza mwanawe avalishwe koti katika mchoro.

"Atanifukuza," anasema, akichonga penseli. "Nitalala kwa shangazi yangu kule. Jumanne nitarudia kumuuliza."