Saini Kumi na Moja za Diski ya Akiba

Vidole na wifi yake walikuwa hawajasemezana mwaka wa tatu sasa, na duka walilofanyia kazi halikuzidi hatua nne kwa upana. Hatua nne, mashine moja ya fotokopi, printa moja, laptopu moja, na chuki ya kujaza ghala. Mmoja akitaka stepla iliyo mbele ya mwenzake, alimgeukia mteja. "Baba, hebu mwambie huyo hapo anipe stepla." Na mteja wa watu, aliyekuja kutoa nakala ya cheti tu, akajikuta mjumbe wa vita asivyovijua.

Jina la Vidole alipewa na wateja, kwa kuwa alichapa kwa vidole vyote kumi huku macho yake yako barabarani. Mama yake alikuwa mfagiaji wa ofisi. Mtoto alijifunzia kuchapa kwenye taipu za makarani waliokwisha kwenda zao, mama akipiga deki na kumhimiza amalize kabla mlinzi hajafunga. Kazi hiyo ya kuchapa ndiyo iliyompa mume, mwenye duka, mtu mpole mwenye utani. Mume akafa ghafla, akaacha duka nusu kwa mkewe na nusu kwa dada yake. Alidhani anaunganisha ndugu. Masikini, aliwafunga paka wawili gunia moja.

Aliacha na sheria. Kila Jumamosi kabla ya kufunga, vyote vilivyomo kwenye laptopu vinakiliwe kwenye diski ya akiba, na aliyenakili atie saini kwenye daftari lililoning'inia ukutani kwa kamba. "Laptopu ni mgeni," alikuwa akisema, "siku yoyote itaaga. Akiba haiozi." Haiozi, ndiyo, lakini sharti kwanza iwekwe. Wanawake hao walipokezana: Jumamosi hii Vidole, Jumamosi ijayo wifi.

Basi Jumamosi moja zamu ilikuwa ya wifi, na wifi alikuwa na miadi kwa msusi. Akatia saini, mkoba begani, akaondoka. Wiki iliyofuata Vidole alipochomeka diski aliona tarehe ya mwisho ni ile yake mwenyewe ya wiki mbili nyuma. Moyo wake ukaruka kwa furaha, nasema furaha, kama mtu aliyeokota pochi. Amenasa! Mtu mwingine angemwambia mwenzake. Vidole akachomoa diski bila kunakili hata barua moja. Nikinakili, aliwaza, nitakuwa nimemfunika. Kwa nini nimbebe? Siku mashine ikileta kisirani, aulizwe yeye. Akatia saini yake nzuri yenye mkia, akafunga duka.

Jumatatu akaja mkunga mstaafu. Kikongwe huyo alikuwa amezalisha nusu ya mtaa ule, na sasa mtoto wa jicho alikuwa anamfunga macho yote mawili. Alileta mfuko wa karatasi mia mbili zilizoandikwa kwa mkono: yote aliyoyajua kuhusu uzazi mgumu, yasiyo katika vitabu vya chuo. Alitaka yawe kitabu kabla hajaacha kuona kabisa.

"Shikamoo, mama," alisema Vidole. "Na hizi za mkono nikurudishie?"

"Marahaba, mwanangu. Za nini? Nitasoma na nini? Wewe chapa, hizo tupa."

Dukani hakuna karatasi iliyotupwa. Ukurasa ukishachapwa, ulipigwa mstari na kuingia kwenye boksi la karatasi chakavu, ujaribiwe wino kwa upande wa nyuma. Boksi likijaa, muuza karanga wa nje alichukua rundo la kufungia. Vidole alichapa kurasa zile wiki baada ya wiki, na alizipenda. Kila Jumamosi ya zamu yake aliitazama diski, akatia saini, akajiambia kitabu cha mama atakinakili kesho, peke yake, wifi asifaidike. Kesho ikawa keshokutwa. Na wifi, alipoona hakuna anayelalamika, aliendelea kutia saini na kukimbilia mambo yake, akidhani mwenzake mwenye kiherehere ananakili kwa niaba ya wote.

Jumanne ya wiki ya kumi laptopu ilianza kukohoa. Tik, tik, tik, kisha kioo cheusi. Aliitwa fundi kompyuta. Akaifungua, akaisikiliza, akatikisa kichwa.

"Diski ya ndani imekufa. Mna nakala?"

"Ipo," walijibu wote wawili, kwa pamoja. Ndilo neno la kwanza waliloafikiana tangu msiba.

Fundi alichomeka diski ya akiba kwenye mashine yake, akasogeza macho karibu. "Hii mara ya mwisho ni karibu miezi mitatu nyuma."

Mlangoni alikuwa amesimama mkunga na fimbo yake. Alikuwa amekuja kuuliza kitabu.

Wifi ndiye aliyerukia daftari. Alilitoa ukutani hata kamba ikakatika, akampelekea kikongwe. "Mama, tazama mwenyewe, saini yangu kila zamu! Mwulize huyo, yeye ndiye fundi wa kuchapa!"

"Na zangu je?" Vidole alimwambia mkunga. "Mwambie afungue azione na zangu!"

Mkunga alilisogeza daftari mpaka likagusa pua. Alihesabu kwa kidole, polepole, kuanzia ile tarehe ya mwisho ya diski. Saini kumi na moja, sita za huyu na tano za yule, zimepangwa vizuri.

"Kwa hiyo nyote mlinakili," alisema.

Akalifunga daftari.

"Nimezalisha miaka arobaini. Na mimi nilikuwa na daftari. Sikuwahi kutia saini kwa mtoto ambaye sikumpokea kwa mikono hii."

Vidole aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamgeukia wifi yake, uso kwa uso, bila mjumbe. "Nilijua hukunakili. Tangu ile ya kwanza nilijua. Nilikuwa nangoja uanguke."

"Mchawi mkubwa wewe," alisema wifi. "Na kaka yangu akakuamini."

"Mtagombana mkimaliza," alisema mkunga. "Karatasi zangu ziko wapi?"

Vidole alilivuta boksi la chakavu, akapiga magoti. Wifi akapiga magoti upande wa pili, si kwa kusaidia, kwa kutokubali kuonekana mbaya zaidi. Walichambua bila kutazamana, wakimpasia mkunga kila ukurasa wenye mwandiko wake, na yeye akiusogeza puani. Zilipatikana thelathini na mbili.

"Ya mtoto aliyekaa kikingamo tumboni haimo," alisema mkunga. "Hiyo ndiyo niliyoiandikia kitabu chote. Wanafunzi hawafundishwi siku hizi. Wanakimbilia kisu tu."

Vidole aliikumbuka vizuri, ilikuwa na mchoro wa mikono miwili juu ya tumbo. Jana mchana alinunua karanga kwa yule wa nje, akaiona ile mikono kwenye karatasi. Alikula karanga zote, akaikunjakunja, akaitupa mtaroni.