Cherehani Chumbani Kwangu

Wifi yangu ni fundi wa kushona. Tunamwita Pindo, kwa kuwa hawezi kuliona pindo la nguo ya mtu asiligeuze kuangalia ndani. Siku ya harusi yangu alinikagua gauni kabla hajanipa mkono. Nampenda sana, ila nikimwambia ataringa mwaka mzima.

Mwaka jana vidole vyake vilianza kuvimba. Kila asubuhi alikuwa akiamka mikono imekakamaa, hawezi hata kufunga vifungo vya blauzi yake, mpaka jua lipande ndipo vilegee. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, aliamua mkosaji ni cherehani. Miaka yote hiyo ya kushona, alisema, imemla dada viungo. Akaja na mkokoteni, akaihamishia chumbani kwetu na kuifunika shuka. Kila nikivaa nikawa nagonga goti.

Pindo hakubisha. Alikaa mikono mapajani, na vidole vikazidi kukakamaa. Mimi kilichonitisha ni ule ukimya, maana Pindo bila maneno si Pindo. Nikamkokota hospitali, na mume wangu nikamkokota vilevile, asikie kwa masikio yake.

Daktari, mama mmoja mpole, alimbonyeza kiungo kimoja kimoja, kisha akasoma majibu ya damu.

"Mwilini tuna chembe za ulinzi zinaitwa seli T," alisema. "Kazi yao ni kutambua vijidudu vya ugonjwa na kuita wenzao wapigane navyo. Zako zimekosea, mama. Zimeona utando wa viungo vyako ndio adui. Ndiyo maana unavimba."

"Kwa hiyo napigwa na walinzi wangu mwenyewe?"

"Ndiyo hivyo."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Pindo, akamgeukia mdogo wake. Hapo nikajua amerudi.

"Na cherehani?" mume wangu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Cherehani haina kosa. Dawa itazituliza hizo seli, ila polepole, na ugonjwa hautaisha wote. Siku akivimba sana apumzike. Siku nyingine aitumie mikono, kukaa tu kunaikakamaza zaidi."

Tulipotoka, mume wangu alienda moja kwa moja kutafuta mkokoteni. Jioni ile ile aliirudisha cherehani.

"Dada, nisamehe."

"Iweke pale dirishani, na usinikwaruzie sakafu."

Baada ya miezi ya kumeza dawa, Pindo alikaa kushona foronya. Kutunga uzi kulimshinda, mdogo wake akamtungia. Nilipoiinua foronya, mshono ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Sikuwa nimewahi kuona mshono wake umepinda, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

Pindo aliichukua mkononi mwangu. Akashika wembe kwa vidole vyake vile vinene, akafumua mshono wote, uzi kwa uzi.

"Nitungie tena," akamwambia mdogo wake.