Siku Bibi Aikande Aliponiamkia

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka mpaka leo masikio yanawaka moto. Bibi wa miaka themanini na kitu aliniamkia shikamoo, mimi, mbele ya watu wanaotoka kanisani. Nakuita mwanangu vile tunavyoitana stendi, si kwamba nimezeeka. Nina miaka thelathini na nne na hasira zangu zote bado ninazo. Lakini umesema unataka kugombea udiwani kwa chama chetu, kwa hiyo kaa nikwambie, maana hili hawatakufundisha kwenye semina.

Kipindi hicho ndiyo kwanza nimeapishwa. Shule niliishia kidato cha pili, nikabeba mizigo ya watalii mlimani, nikafungua kibanda cha kutengeneza pikipiki mjini, pale mtaa wa Soweto, na siasa nikajifunza kwa kubishana na wateja. Kwenye baraza la madiwani tulikuwa watatu tu wa upinzani. Kata yetu iko juu kule migombani, na shida yake kubwa ilikuwa moja, hakuna zahanati. Mama akishikwa uchungu anapakiwa kwenye bodaboda, anateremshwa kwenye utelezi mpaka aikute lami. Mkwe wa Bibi Aikande hakuikuta. Alijifungulia njiani, kwenye mvua, kichwa amekiegemeza kwenye tairi.

Baada ya hapo Bibi akakata kipande cha kihamba chake akawapa wanakijiji, akasema hapa jengeni zahanati. Wewe ni mtu wa huku, unajua kihamba ni nini. Ni shamba la ukoo, hakiuzwi, hakigawiwi ovyo, wazee wamelala mle chini ya migomba. Kaburi la mume wake liko hatua kumi tu kutoka pale alipokata. Watu wakajitolea, wakapandisha mawe kutoka mtoni, wakachimba msingi. Halafu nikaletewa kabrasha la kikao, lile bunda la makaratasi tunalopewa kabla ya baraza, na ndani yake nikakuta mstari mmoja. Eneo lile libadilishwe matumizi, apewe mwekezaji ajenge nyumba ya kulala wageni wanaopanda mlima. Sababu, kuongeza mapato ya ndani ya halmashauri.

Nilisoma mara tatu. Yaani ardhi ya bibi, mawe ya wanakijiji, halafu mgeni alale pale anywe kahawa akiangalia theluji, na mama wa kata yangu aendelee kuzalia kwenye matope. Mapato ya ndani. Ya ndani ya wapi, ndugu zangu?

Siku ya baraza nikanyoosha mkono. Mwenyekiti hakuniona. Nikanyoosha tena. Aliponiona akaniambia nikae, nafasi yangu itafika, na mheshimiwa mmoja wa upande wao akasema kwa sauti ya kusikika kwamba fundi pikipiki ana haraka, kuna mteja kamwacha na nati mkononi. Wakacheka ukumbi mzima. Basi damu ikapanda. Nikalipiga kabrasha mezani, nikawaambia sikai na watu wanaokula kitanda cha mama mzazi, nikatoka. Wenzangu wawili wakanifuata.

Nje simu zilikuwa zinatusubiri. Nikaongea, bana, nikaongea mpaka jasho. Video ikasambaa. Kurudi Soweto vijana walinibeba juu juu, mmoja akaniambia mi ndo mwanaume pekee kwenye halmashauri ile. Na mi nikakubali, unafikiri nilikataa?

Jumapili nikapanda nyumbani nikijua nitapigiwa makofi. Baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka pale nje kama kawaida, mikungu ya ndizi, mayai, kuku. Bibi Aikande alikuwa ametoka kununua mkungu wake. Kabla sijafungua mdomo nimsalimie, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Mwenye kunadi akabaki na kuku mkononi. Mi nikawa natamani ardhi inimeze. Nikamwomba, Bibi, usinifanyie hivyo.

"Mkubwa si wewe? Wakubwa ndo wanaotoka kikao kikiwa kinaendelea. Sisi wadogo tunabaki tunaongelewa." Akahamishia mkungu begani kwingine. "Ulivyotoka, nani alibaki kunisemea?"

Nikaanza kumweleza mambo ya siasa, kwamba kule kutoka ndiyo kupinga kwenyewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, halafu akasema sawa, nimletee karatasi iliyoandikwa hivyo, mjukuu wake atamsomea.

Jumatatu nikashuka mjini kuitafuta hiyo karatasi. Nikaomba muhtasari wa kikao. Nikafungua ukurasa wa kata yetu, nikakuta sentensi mbili. Wajumbe waliridhia mabadiliko ya matumizi ya eneo. Hakuna mjumbe aliyepinga.

Na hawakusema uongo, mwanangu, hapo ndipo paliponiuma. Wa kupinga nilikuwa nje najirekodi. Kwenye makaratasi yao kutoka nje hakuna pa kuandikwa. Ni kama hukuja kabisa. Nikakaa kwenye ngazi za jengo lile nikavuta picha ya yule aliyenirushia neno la nati. Sina ushahidi kwamba walipanga. Ila tangu siku hiyo nimekuwa naangalia, na kila likija jambo zito linalogusa watu wetu, lazima atokee mmoja anitupie neno la kuniudhi. Wanaujua mlango, na wanajua nani ana haraka ya kuutumia. Na sisi, chama changu ninachokipenda kuliko chakula, tulikuwa tunaona sifa kabisa, tukihesabu mara ngapi tumetoka badala ya kuhesabu nini tumezuia.

Nilimwambia mama yangu. Hakunipa pole. Alienda nyuma ya nyumba akakata isale, ule mmea wetu wa kuombea msamaha, shina zima na majani yake, akaniambia twende. Kwetu mkosaji haendi peke yake, anasindikizwa. Tukamkuta Bibi anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Nikampa isale kwa mikono miwili, nikasema nimekosa.

Akalipokea. Isale halikataliwi, unajua. Lakini hakuliingiza ndani.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila hili likikaa ndani litakauka bure. Kalipande kwenye kona ya kiwanja. Na kikao kijacho ukae mpaka wafagie."

Nikalipanda kwa mikono yangu, pale kwenye mpaka, karibu na msingi. Halafu nikaanza kusoma. Kanuni za kudumu za halmashauri nilizisoma kwenye kibanda cha pikipiki, mikono ina grisi, neno nisilolielewa nalipigia mstari namuuliza mwalimu mmoja jirani. Ndiyo nikajua kwamba kikao kinachofuata kinaanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kile kilichopita, na baada ya hapo yanakuja yatokanayo, yaani maswali juu ya yale yaliyoamuliwa, na hapo naweza kusimama.

Nikasimama. Wa nati akaniuliza kama leo mlango umegoma kufunguka. Wakacheka. Ila nilikuwa nimejiapiza, mwanangu, leo sitoki. Nikauliza muhtasari wa mkutano wa kijiji uko wapi, ule ambao wanakijiji walikubali ardhi yao igeuzwe. Mwenyekiti akaniambia nikae. Nikakaa. Nikanyoosha mkono. Akanipa nafasi, nikauliza swali lile lile, nikaomba liandikwe neno kwa neno na jina langu mbele. Nikaambiwa nikae tena. Nikakaa, nikanyoosha. Mara ya nne hakuna aliyecheka, wakaanza kupekua mafaili. Huo muhtasari wa kijiji haukuwepo, kwa sababu mkutano haukuwahi kuitishwa. Ikabidi waandike kwamba jambo lirudi kijijini.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa watu walijaa kama msibani. Afisa aliyetumwa akaeleza faida za utalii kwa muda mrefu. Bibi Aikande akaomba kusema. Akanyoosha kidole kwenye kona, pale kwenye isale ambalo lilikuwa limeshachipua majani mapya, akamuuliza kama ana mkono wa kuling'oa. Yule naye ni mtoto wa huku huku, anajua isale la mpakani haling'olewi. Akaangalia chini, akafunga faili lake. Mkutano ukakataa, kila mkono juu, na mikono ikahesabiwa na kuandikwa.

Usidhani yameisha. Msingi upo, kuta zimefika madirishani, na kila bajeti nauliza paa lini, wananijibu hoja imepokelewa. Nakasirika. Natetemeka kwa hasira. Lakini natetemekea kwenye kiti changu, na naomba waandike.

Jumapili iliyofuata ule mkutano nilimwona Bibi kwa mbali anatoka kanisani, nikakimbia, suti na yote, nikahakikisha shikamoo inatoka kwangu kwanza. Aliniangalia juu mpaka chini.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kwa hiyo nakwambia hivi. Hasira uende nayo, usije ukaiacha nyumbani, wale bila hasira hawakusikii. Ila ikae na wewe kwenye kiti. Wakikutukana, jua kuna ukurasa wanataka uupite haraka, urudi uusome. Usihesabu makofi ya stendi. Kabla hujaondoka ukumbini jiulize karatasi inasema ulikuwa upande gani, maana mama anayesubiri zahanati hataikuta kwenye video yako.

Mungu akupe koo la kusema na makalio ya kukaa. Akulinde na mlango. Na kila utakapopanda nyumbani, wakuitikie marahaba.